Namna ya Kusoma na Kutafiti Historia ya Uchumi Chuo Kikuu

Mwanafunzi anayeingia katika historia ya uchumi hujikuta amesimama kati ya idara mbili. Wa Uchumi humwona mtu wa masimulizi ambaye hesabu zimempiga chenga, na wa Historia humwona mtu wa hesabu asiye na subira ya kusoma majalada. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yake, hasa kwa yule wa mwaka wa mwisho anayetakiwa kuandika tasnifu fupi na yule wa uzamili anayeandaa pendekezo la utafiti katika vyuo vya Afrika Mashariki. Mfano nitakaourudia ni mmoja, yaani mishahara ya wafanyakazi wa mashamba ya mkonge ya Tanga wakati wa utawala wa Waingereza, kwa sababu nyaraka zake zipo, baadhi ya wanaoyakumbuka mashamba hayo wangali hai, na mitego yake karibu yote ndiyo mitego ya somo zima. Lipo jambo moja la kulishikilia tangu mwanzo hadi mwisho: takwimu ya zamani ni waraka kama waraka mwingine wowote. Ina aliyeiandika, ina sababu ya kuandikwa, na ina mambo iliyoyaacha nje. Kabla hujaijumlisha wala kuigawanya, ihoji.

Nafasi ya somo hili chuoni

Vyuo vingi vya ukanda wetu havina idara inayojitegemea ya historia ya uchumi. Somo hufundishwa kama kozi moja au mbili ndani ya Historia, au hujibanza ndani ya Uchumi chini ya kichwa cha masuala ya maendeleo. Idara kamili zipo kwingine, kwa mfano katika London School of Economics na katika Chuo Kikuu cha Lund nchini Uswidi, na Chuo Kikuu cha Zimbabwe nacho kiliwahi kuwa nayo. Kukosekana kwa idara si kikwazo kikubwa, mradi mwanafunzi ajipangie kozi zake kwa makusudi badala ya kuchukua zilizobaki kwenye ratiba.

Upande wa Uchumi, chukua takwimu, nadharia ya bei na soko, na kozi moja ya ekonometriki, yaani kupima mahusiano ya kiuchumi kwa takwimu. Kwa tasnifu ya shahada ya kwanza hizo zinatosha, na kwa maoni yangu mwanafunzi anayejua kutumia vizuri wastani, asilimia na fahirisi ya bei (namba inayoonyesha bei zilivyobadilika kulinganisha na mwaka mmoja wa msingi) atafika mbali kuliko anayejua kuendesha rigresheni, yaani hesabu ya kupima uhusiano wa mambo mawili au zaidi, lakini hajui data yake ilikusanywa na nani. Upande wa Historia, usikwepe kozi ya mbinu za utafiti hata kama wenzako wanasema inachosha, kwa sababu ndiyo inayokufundisha kuhakiki chanzo. Kisha angalia lugha. Anayetaka kuandika juu ya kipindi cha kabla ya mwaka 1916 Tanganyika bara atahitaji Kijerumani, pamoja na uwezo wa kusoma mwandiko wa mkono wa Kijerumani wa zama hizo, ambao huwashinda hata Wajerumani wengi wa leo. Anayetaka biashara ya Unguja ya karne ya 19 atafaidika sana akijua kusoma Kiswahili na Kiarabu vilivyoandikwa kwa hati ya Kiarabu. Lugha huchukua muda mrefu kuliko kozi nyingine yoyote, kwa hiyo uamuzi huu ufanywe mapema au kipindi kibadilishwe.

Pia unapaswa kuujua mjadala uliolijenga somo hili hapa kwetu. Mwanahistoria Walter Rodney wa Guyana alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, na kitabu chake cha mwaka 1972 kuhusu namna Ulaya ilivyodumaza maendeleo ya Afrika kilikipa kizazi kizima cha wanafunzi swali la kuuliza. Baada yake wamekuja watafiti waliorudi kwenye takwimu za kikoloni kwa mbinu za kupima mishahara, kodi na biashara nchi kwa nchi, na wengine, kama Morten Jerven, waliohoji kama takwimu zenyewe za pato la nchi za Afrika zinaaminika. Makundi haya hayapaswi kusomwa kama timu za mpira. Kundi la kwanza linakusaidia kuuliza nani alinufaika, la pili linakusaidia kujua ni kiasi gani, na tasnifu nzuri hujibu yote mawili.

Kupata swali

Mapendekezo mengi hukataliwa kwa sababu swali ni pana mno. "Athari za ukoloni katika uchumi wa Tanganyika" si swali bali ni rafu nzima ya maktaba. Linganisha na hili: je, kati ya mwaka 1946 na 1962 mshahara wa mkata mkonge wa Tanga uliongezeka uwezo wake wa kununua unga, au ulipungua? Swali hili lina mahali, lina watu, lina miaka, na lina kitu kinachoweza kupimwa. Zaidi ya hayo, hujui jibu lake kabla ya kuanza. Ukiona kwamba hitimisho lako lingebaki lilelile bila kujali utakachokikuta kwenye majalada, rudi ukatafute swali jingine.

Miaka ya kuanzia na kumalizia ichaguliwe kwa mantiki ya uchumi wenyewe, si kwa mazoea ya kalenda ya siasa. Wanafunzi wengi hukata utafiti wao mwaka 1961 kwa sababu ni mwaka wa uhuru wa Tanganyika. Kwa mfanyakazi wa mkonge, hata hivyo, mabadiliko makubwa ya mshahara yalikuja baada ya hapo, pale serikali mpya ilipoweka viwango vya kima cha chini mwaka 1962, na wenye mashamba wakaanza kupunguza idadi ya watu na kuongeza kazi ya kila aliyebaki. Anayekomea 1961 huukosa mwisho wa hadithi yake mwenyewe.

Kabla ya kwenda kwenye nyaraka, jifunze zao lako kama mkulima anavyolijua. Mkonge uliingizwa mwaka 1893 na Richard Hindorf, aliyeagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida. Vilivyofika Tanga vikiwa hai ni 62. Zao hili huchukua miaka kadhaa kabla ya kukatwa kwa mara ya kwanza, na jani lake ni zito sana ukilinganisha na uzi unaotoka ndani yake, ndiyo maana lilihitaji korona, yaani mtambo wa kuchakata majani, palepale shambani, reli ndogo za kubebea majani, na reli kubwa ya kufika bandarini. Ukishaelewa hivyo utaelewa pia kwa nini mwenye shamba hakuweza kuongeza uzalishaji mara moja bei ilipopanda, na kwa nini hakuweza kuufunga mtambo kirahisi bei ilipoanguka. Bei yenyewe iliamuliwa mbali. Japani ilipoiteka Ufilipino na Java mwaka 1942, nchi za Magharibi zilipoteza vyanzo vyao vikuu vya nyuzi ngumu, na Tanganyika ikawa tegemeo. Serikali ya kikoloni ikafikia hatua ya kuwakamata watu kwa sheria ili wakafanye kazi mashambani. Vita vya Korea vilipandisha bei tena karibu na mwaka 1951. Miaka ya 1960 nyuzi za plastiki zikaanza kuibomoa. Mambo haya yote yanapatikana katika maandiko yaliyokwisha kuchapishwa, na ni aibu kuyagundua kwa mara ya kwanza ukiwa tayari umeketi kwenye chumba cha kusomea cha hifadhi.

Kibali na majalada

Tanzania kibali cha utafiti husimamiwa na COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na Kenya na NACOSTI, tume ya huko ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Wanafunzi wa baadhi ya vyuo hupata barua kupitia chuo chenyewe. Zanzibar ina utaratibu wake, na barua ya Bara peke yake haitoshi. Anza mapema, na uwe na nakala nyingi za barua kuliko unavyodhani utahitaji.

Nyaraka za Taifa za Tanzania ziko Upanga, Dar es Salaam. Humo mna majalada ya utawala wa Wajerumani, majalada ya Sekretarieti (ofisi kuu ya serikali) ya Waingereza, ya majimbo na wilaya, pamoja na vitabu vya wilaya ambamo mabwana shauri, yaani wakuu wa wilaya wa kikoloni, waliandika mambo ya kila namna, kuanzia koo za machifu hadi bei ya mahindi. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina mkusanyo wa Afrika Mashariki wenye ripoti nyingi za mwaka zilizochapishwa, na ni busara kuanzia hapo, kwa sababu ripoti iliyochapishwa itakuelekeza kwenye jalada la kuomba. Nyaraka za Zanzibar ziko Kilimani. Za Kenya ziko Nairobi, Moi Avenue, katika jengo la zamani la benki. Uingereza, hifadhi ya taifa iliyoko Kew, London, ina mawasiliano ya Wizara ya Makoloni yaliyopangwa kwa nchi: CO 691 ni Tanganyika, CO 533 ni Kenya, CO 536 ni Uganda na CO 618 ni Zanzibar. Majalada ya wizara ya makoloni ya Ujerumani yako Berlin chini ya alama R 1001, na mengi yake yanasomeka kwenye intaneti bila malipo, jambo ambalo wanafunzi wetu wengi hawalijui.

Ukishapewa jalada, piga picha ya jalada lenyewe kwanza, upande wa mbele, namba ikionekana, ndipo upige kurasa za ndani. Andika papo hapo kwenye jedwali lako namba ya jalada, tarehe ya waraka, nani alimwandikia nani, na namba ya ukurasa. Picha mia tatu zisizo na namba ya jalada haziwezi kutumika katika tanbihi hata moja, na kurudi kuzitafuta upya ni kazi ya kuanza mwanzo.

Usikimbilie majedwali peke yake. Mwanzoni mwa majalada mengi ya Sekretarieti kuna kurasa ambazo maofisa waliandikiana maoni mafupi kwa mkono, na humo ndimo ukweli huponyoka. Ripoti iliyochapishwa inaweza kusema kwamba hali ya wafanyakazi inaridhisha, huku kurasa hizo zikionyesha ofisa mmoja akilalamika kwamba mashamba hayakukaguliwa na mwingine akimshauri asiliweke jambo hilo katika ripoti. Nakili mabishano ya namna hiyo pamoja na takwimu zinazohusika, maana ndiyo yatakayokuambia uzito wa kuzipa.

Zingatia pia ukimya. Idara ya Kazi ya Tanganyika ilianzishwa mwaka 1926, ikavunjwa mwaka 1931 serikali ilipobana matumizi wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, ikarejeshwa baadaye muongo huo ulipokuwa unaelekea mwisho. Kwa hiyo miaka ambayo bei ya mkonge ilianguka vibaya na wafanyakazi kubanwa zaidi ndiyo miaka yenye kumbukumbu chache zaidi za hali yao. Mtu akiona malalamiko machache kwenye majalada ya mwaka 1933 akahitimisha kwamba mashambani kulikuwa na utulivu, atakuwa amepima idadi ya makarani, si hali ya wafanyakazi.

Kuihoji takwimu

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, kwa hiyo nitakaa zaidi.

Tuanze na mshahara. Katika ripoti za Tanganyika utakuta mshahara wa mfanyakazi wa mkonge umeandikwa kana kwamba ni wa mwezi. Kwa kweli mashamba yalitumia kipande, yaani kadi yenye nafasi za siku 30 za kazi. Mnyapara au karani aliweka alama kila siku mtu alipomaliza sehemu yake, ambayo kwa mkataji ilihesabiwa kwa mafungu ya majani wala si kwa saa, na malipo yalitolewa kipande kilipojaa. Asiyemaliza sehemu yake ya siku hakupata alama. Mgonjwa hakupata alama. Aliyekwenda kulima kishamba chake hakupata alama. Kipande kimoja basi kingeweza kuchukua wiki sita au zaidi kujaa. Chukulia, kwa mfano wa kufikirika, kwamba malipo ni shilingi 30 kwa kipande. Anayezidisha mara 12 atapata shilingi 360 kwa mwaka. Lakini kama mfanyakazi alijaza vipande 8 tu katika mwaka huo, alipata shilingi 240. Tofauti hiyo ni theluthi nzima ya kipato, na imetokana na kutojua kadi ilivyofanya kazi. Ndiyo sababu inabidi utafute kwenye majalada ya shamba au ya wakaguzi idadi ya vipande vilivyojazwa kwa mwaka, au siku za wastani za kujaza kimoja, kabla ya kuandika neno "kipato". Na ukivuka mpaka kuingia Kenya, kipande cha huko kilikuwa kitu kingine kabisa: hati ya kujitambulisha ambayo mwanamume wa Kiafrika alilazimika kuibeba, na ambayo mwajiri aliandika humo habari za ajira yake.

Kisha kuna posho. Mashamba mengi yalitoa unga, maharage, chumvi na wakati mwingine samaki juu ya fedha taslimu, na kwa mfanyakazi wa mkataba aliyetoka mbali, aliyejulikana kama manamba, kulikuwa na nauli na makazi pia. Orodha za mishahara mara nyingine zinajumlisha thamani ya posho, mara nyingine haziijumlishi, na mara nyingine mwandishi amebadilisha utaratibu katikati ya miaka bila kusema. Ukiona mshahara umepanda ghafla mwaka ambao hakuna jambo lililotokea sokoni, soma maelezo madogo chini ya jedwali kabla ya kusherehekea ugunduzi wako.

Fedha yenyewe ni mtego mwingine. Afrika Mashariki ya Waingereza ilitumia rupia, na kabla ya misukosuko ya Vita Kuu ya Kwanza rupia 15 zilikuwa sawa na pauni moja. Mwaka 1920 serikali iliipandisha rupia hadi kuwa sawa na shilingi 2 za Uingereza, yaani rupia 10 kwa pauni, na muda mfupi baadaye shilingi ya Afrika Mashariki ikachukua nafasi yake. Mlowezi wa Kenya aliyekuwa na deni la rupia 1,500 alilikuta deni lake limetoka pauni 100 hadi pauni 150 bila kukopa senti zaidi. Waajiri walowezi wakataka kukata mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja, na upinzani dhidi ya mpango huo ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyomwinua Harry Thuku, kiongozi wa mapema wa harakati za Waafrika wa Kenya, mwaka 1921. Mwanafunzi anayechora grafu ya mishahara ya Kenya kutoka 1915 hadi 1925 kwa kugeuza rupia zote kuwa shilingi mbili mbili atakuwa ameufuta ugomvi huo wote kwenye mchoro wake. Upande wa Zanzibar hesabu ni tofauti tena: rupia iliendelea kutumika huko hadi mwaka 1936, na ilipobadilishwa ilipewa thamani ya shilingi moja na nusu, si mbili. Rupia ya Wajerumani nayo ilikuwa na pesa 64 hadi mwaka 1904, ilipogawanywa upya kuwa heller 100. Tengeneza jedwali dogo la viwango hivi mwaka kwa mwaka, uliweke mwanzoni mwa daftari lako, na usigeuze kiasi chochote bila kulitazama.

Vipimo vinataka uangalifu uleule. Karafuu za Unguja na Pemba zilihesabiwa kwa frasila, ambayo ni takriban ratili 35 au kilo 16. Nguo ziliuzwa kwa doti, yaani yadi nne. Nafaka zilipimwa kwa pishi, kibaba, debe na gunia, na uzito wa debe hutegemea kilichomo ndani: debe la mpunga na debe la mahindi si kilo zilezile. Weka daima safu mbili katika jedwali lako, moja ya kipimo kama kilivyoandikwa kwenye waraka na nyingine ya kilo uliyoikokotoa wewe, ili msomaji aweze kukusahihisha.

Idadi ya watu ni eneo la hatari kuliko yote. Sensa ya Tanganyika ya mwaka 1948 ndiyo ya kwanza kufanywa kwa mbinu za kisasa. Makadirio mengi ya kabla yake yalitokana na orodha za walipa kodi ya kichwa na ya nyumba, zikazidishwa kwa namba ambayo bwana shauri aliiona inafaa. Orodha hizo zilikuwa na sababu kubwa ya kukosea, kwa kuwa kila aliyekimbilia porini siku ya kodi alitoweka pia kwenye idadi ya watu. Ukikuta kwamba watu wa wilaya fulani "waliongezeka" kwa kasi mwaka ambao bwana shauri mpya alihamia, kuna uwezekano mkubwa kwamba kilichoongezeka ni juhudi za kukusanya kodi. Kwa hiyo kigezo chochote cha "kwa kila mtu" cha kabla ya 1948 kitumiwe kwa tahadhari kubwa, na mimi ningependelea kuviacha kabisa pale swali linapoweza kujibiwa bila hivyo.

Mwisho ni biashara ya nje. Takwimu za forodha hueleza kilichopita forodhani, basi. Pembe za ndovu zilizotoka Tabora au Manyema ziliandikwa kama mauzo ya Zanzibar kwa sababu zilipitia huko. Kahawa na pamba za Uganda zilisafirishwa kupitia Mombasa, na Kenya na Uganda zilikuwa na forodha moja tangu mwaka 1917, hivyo kuzitenganisha kunahitaji kusoma maelezo ya majedwali kwa makini. Magendo nayo hayaandikwi. Barafu ilipoharibu kahawa ya Brazil mwaka 1975 na bei ya dunia kupaa, kahawa nyingi ya Uganda ilivushwa kwa siri kuingia Kenya, ambako mkulima aliweza kupata bei bora kuliko aliyolipwa na serikali ya Idi Amin. Karafuu za Pemba zilifuata njia ya bahari kwenda Mombasa kwa sababu hiyohiyo. Mauzo rasmi yakishuka, yaweza kuwa uzalishaji umeshuka, na yaweza kuwa mkulima amepata mnunuzi mwingine. Takwimu ya forodha peke yake haiwezi kukuambia ni lipi.

Kutengeneza mshahara halisi

Ukishazisafisha takwimu, jenga kapu la mahitaji. Mbinu hii, iliyoenezwa na mwanahistoria wa uchumi Robert Allen katika kulinganisha hali za maisha za mabara mbalimbali, huuliza gharama ya kumlisha na kumvika mtu kwa kiwango cha chini kabisa, kisha hugawanya mshahara kwa gharama hiyo. Kapu la mfanyakazi wa Tanga liwe la vitu alivyotumia kweli: unga wa mahindi au muhogo, maharage, dagaa au samaki mkavu, chumvi, mafuta ya taa, sabuni, kanga au shuka kwa mwaka. Angalia bei unazochukua. Orodha za bei katika vitabu vya takwimu vya serikali ya kikoloni zilijali sana walaji wa mjini wenye mishahara ya kizungu, na siagi na mkate wa ngano havina nafasi katika kapu la mkata mkonge. Bei za maduka ya mashambani, zikipatikana kwenye ripoti za ukaguzi, ni bora kuliko za soko la Dar es Salaam.

Unapochagua mwaka wa msingi wa fahirisi, epuka mwaka wa ajabu. Ukiweka 1951 kuwa 100, mwaka ambao bei ya mkonge ilikuwa juu kupita kiasi kwa sababu ya Korea, kila mwaka baada yake utaonekana kama anguko. Jaribu miaka miwili au mitatu tofauti ya msingi na uone kama hoja yako bado inasimama. Vilevile usizibe mwaka usio na data kwa kuchora mstari kati ya mwaka uliotangulia na unaofuata bila kusema. Acha pengo lionekane kwenye grafu.

Kuwahoji wazee

Mzee aliyefanya kazi kwenye korona hawezi kukupa mfululizo wa bei, na si haki kumtaka hivyo. Muulize mshahara wa kipande kimoja ulinunua nini, alikopa kwa nani kabla ya kipande kujaa, nani katika familia alilima chakula, na kwa nini alibaki au aliondoka. Tarehe zifungamanishe na matukio anayoyakumbuka, kama kuzaliwa kwa mtoto, njaa, mgomo wa mashambani wa miaka ya 1950, au kutaifishwa kwa mashamba mwaka 1967. Omba ruhusa kabla ya kurekodi, na usitaje jina lake bila idhini yake. Wanawake nao wahojiwe peke yao, kwa kuwa majalada ya mkonge yanawataja kwa nadra ilhali chakula kilichowalisha wafanyakazi wengi waliokaa na familia kililimwa na mikono yao.

Kuandika

Tasnifu ya historia ya uchumi isiwe majedwali yaliyofuatana huku maneno yakipita katikati kama utingo. Kila sura ianze na hoja, takwimu zije kama ushahidi wa hoja hiyo, na aya inayofuata jedwali ieleze kwa nini namba zilikwenda zilivyokwenda. Weka katika sura jedwali fupi lenye safu tatu au nne, na data kamili ipelekwe kwenye kiambatisho. Katika kiambatisho hicho, kila namba iwe na chanzo chake: jalada, tarehe, kipimo cha asili, na hatua ya kuigeuza. Andika wazi makadirio ni yapi na yamefanywaje. Mtahini mzuri atakwenda huko kwanza, na akikuta kila kitu kinafuatika atakusamehe hata hitimisho asilokubaliana nalo.

Matokeo yako yaseme kwa kipimo kinachostahili. Kama data yako inatoka mashamba ya Tanga na Korogwe pekee, hitimisho liwe la huko, si la "mfanyakazi wa Tanganyika". Kama fahirisi yako inaonyesha ongezeko la asilimia 4 ilhali makadirio yako ya posho yanaweza kukosea kwa asilimia 10, andika kwamba hakukuwa na mabadiliko yanayoweza kuthibitishwa. Hilo nalo ni matokeo, na mara nyingi ndilo lenye faida zaidi kwa atakayekufuata.

Ukishamaliza, hifadhi faili la data katika muundo rahisi wa jedwali unaofunguka kwenye programu yoyote, pamoja na ukurasa mmoja unaoeleza kila safu. Mpe msimamizi wako nakala, peleka nyingine maktaba ya chuo, na nakala ya tasnifu yenyewe iende kwenye hifadhi ya nyaraka ulikofanyia kazi, kwa sababu wahudumu wa chumba cha kusomea ndio watakaomwelekeza mwanafunzi mwingine kwenye majalada hayohayo.